Kadi Sandukuni, Kura Kwingine

Nimekuwa balozi wa shina, yaani kiongozi wa ngazi ya chini kabisa, wa CCM, chama tawala, huku Kitangiri, Mwanza, kwa muda mrefu, na muda huohuo nimekuwa nikiuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Ubalozi hunipa daftari: majina ya wanachama, nani kalipa ada, nani kahamia Buswelu, nani kafariki. Mwaloni hunipa maneno. Mtu hamwambii balozi wake kura yake imekwenda wapi. Lakini akisimama mbele ya meza ya dagaa akingoja chenji, na hajui kwamba mama huyu aliyejifunga kitenge ni kiongozi wa chama mtaa wa pili, anasema yote. Ninayoandika hapa nimeyaokota sehemu hizo mbili, na sehemu ya tatu ni chumba cha kuhesabia kura, ambako nimekaa kama wakala.

Kila baada ya uchaguzi kuna swali linalozunguka kwenye vikao vyetu vya kata: inakuwaje mtu mwenye kadi yetu, aliyevaa fulana yetu na kula pilau letu, akampa mgombea urais wa chama kingine? Jibu la vikao ni jepesi. Kanunuliwa. Kadanganywa na vijana wa mitandaoni. Ni mamluki. Upande wa pili nao wana jibu lilelile kwa watu wao, maana mume wangu ni wa Chadema, chama cha upinzani, na nimeyasikia ya huko pia. Mimi niliowaona wakivuka hawakununuliwa na mtu. Walianza kuvuka wakiwa bado ndani ya chama chao, kwenye ugomvi wa nani ateuliwe, na mpinzani alipokuja kuwasemesha alikuta safari imeshaanza.

Hilo nililiona kwa mara ya kwanza mwaka 2010.

Kwa asiyejua, mpigakura wetu hupewa karatasi tatu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Chama chetu kilikuwa na kauli ya mafiga matatu: chungu hakikai juu ya figa moja, kwa hiyo ukimpa Rais wa kijani mpe na Mbunge wake na Diwani wake. Tuliihubiri mpaka sauti zikakauka. Saa 10 jioni kituo kikafungwa, tukabaki darasani, wasimamizi, sisi mawakala wa vyama na askari. Karani ananyanyua karatasi moja, anaisoma kwa sauti, anatuonyesha, anaiweka kwenye fungu lake. Tulianza na za Rais. Fungu la Kikwete, mgombea wetu, likanenepa vizuri, nikapumua. Ilipofika zamu ya Mbunge, fungu letu likaanza kusuasua. Wapigakura walewale, foleni ileile, kalamu ileile. Wakala wa Chadema, kijana mmoja mpole aliyesoma na binti yangu, aliniangalia akaona aibu, akageuza uso.

Matokeo ya majimbo yetu yanajulikana. Ilemela, Anthony Diallo aliangushwa na Highness Kiwia wa Chadema. Nyamagana, Lawrence Masha, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliangushwa na Ezekia Wenje. Ng'ambo kule Ukerewe akapita Salvatory Machemli, naye wa Chadema. Rais alibaki Kikwete, lakini kutoka asilimia 80 za mwaka 2005 alishuka mpaka zaidi kidogo ya 60, na Dk. Willibrod Slaa wa Chadema akachukua zaidi ya robo ya kura za nchi nzima.

Baada ya hapo nilizunguka shinani kwangu. Sikuuliza mtu kura yake, nilikuwa nauliza habari za nyumbani tu, nakaa, naletewa maji, nasubiri. Mzee mmoja aliyeingia chamani tangu TANU aliniambia bila kuzunguka: "Mama balozi, Rais nimempa wa chama. Wa chini sikuwataka tangu kura za maoni, nanyi mlijua." Kweli tulijua. Kura za maoni, zile za ndani ya chama za kuchagua mgombea udiwani, mwaka ule zilikuwa zimetugawa vibaya, kundi moja likaondoka limenuna, na sisi viongozi tukadhani kofia mpya na gari la matangazo vitawarudisha. Hawakurudi. Wala hawakuhama. Walikuja kwenye mikutano yote.

Nilichoshindwa kukielewa kwa haraka ni wale waliomvuka hadi Rais. Mmoja ni mwenzangu wa UWT, umoja wa wanawake wa chama, mama mwenye sauti, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo zetu. Alimpa Slaa. Aliniambia mwenyewe, miezi mingi baadaye, tukichambua dagaa. Alikuwa anajenga huko Buswelu, msingi umepanda, pesa imekwisha, na Slaa alikuwa akihubiri elimu bure na saruji ya bei nafuu. Nikamwambia, lakini wewe ni wa chama. Akanijibu kama mtu aliyeonewa: "Kwani nimekitukana chama? Mkutano wenu si nilikuja? Wimbo si niliimba mimi?" Kwake yeye chama kilikuwa ni watu: misiba, vikoba, harusi, ubatizo. Huko hakwenda popote. Kura ya Rais ilikuwa karatasi nyingine, ya saruji.

Na hapa ndipo watafiti wa redioni hunichosha kidogo, maana huongea kana kwamba mvukaji ni mtu aliyekosa msimamo. Huyu mama alikuwa na msimamo kuliko mimi. Mimi nilipiga mafiga matatu kwa mazoea.

Mwaka 2015 ndio uliokuwa shule yenyewe, na darasa lilikuwa sebuleni kwangu.

Mdogo wangu wa kiume ana mitumbwi ya dagaa. Tangu ujana wake alikuwa UVCCM, umoja wa vijana wa chama, na kuanzia mwanzoni mwa mwaka ule alikuwa mtu wa Edward Lowassa, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, kwa moyo wote. Makada 38 walirudisha fomu za kuomba kugombea urais, lakini kwake waligombea wawili tu, Lowassa na wengine. Julai Dodoma jina likakatwa kabla halijafika kwa wajumbe. Wakabaki watano, kisha watatu, na tarehe 12 mkutano mkuu ukampitisha John Magufuli. Tuliona kwenye televisheni wajumbe wakiimba kwamba wana imani na Lowassa, mbele ya viongozi wote wa chama. Mdogo wangu hakushika simu. Nilimkuta mwaloni amekaa juu ya mtumbwi uliogeuzwa, hata vijana wake waliokuwa wanashona nyavu walikuwa wanaongea kwa kunong'ona.

Nazisisitiza hizi wiki mbili, kwa sababu ndizo zenye jibu. Lowassa alitangaza kuhamia Chadema tarehe 28 Julai. Kati ya siku ile ya Dodoma na siku hiyo, hakuna mtu wa Chadema aliyemfuata mdogo wangu. Hakuna aliyemhonga wala kumpa hotuba. Lakini kura yake ilikuwa imekwishatoka CCM. Ilikuwa inatafuta pa kutua. Lowassa alipopanda jukwaa la Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, alimpatia tu mahali.

Sheria zetu nazo zina mkono wake katika hili. Katiba hairuhusu mgombea binafsi. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani miaka na miaka, mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha ikamuunga mkono mwaka 2013, lakini hadi leo huwezi kugombea bila chama. Kwa hiyo aliyekatwa jina, kama hataki kukaa nyumbani, njia yake ni moja, kwenda chama kingine. Na wanaompenda njia yao ni moja, kuvuka naye. Kungekuwa na mgombea binafsi, nina hakika nusu ya tunaowaita wasaliti wangepiga kura zao kwa mtu wao na jioni wakarudi nyumbani wakiwa na kadi zilezile mfukoni. Watu kumfuata mtu wao ndivyo ilivyokuwa kwa Ester Bulaya pale Bunda Mjini mwaka uleule: alikuwa mbunge wa viti maalumu wa CCM, akahamia Chadema, akamwangusha Stephen Wasira, mwanasiasa mkongwe aliyekuwamo serikalini tangu enzi za Mwalimu. Sidhani Bunda ililala CCM ikaamka Chadema. Bulaya alikuwa yuleyule.

Sasa njoo kwa mume wangu, ambaye alivuka kuelekea upande wa pili.

Yeye alifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara mpaka kazi ilipopungua, akageukia biashara ndogondogo. Chadema aliingia enzi za Operesheni Sangara, ile mikutano waliyozunguka nayo kanda yetu kabla ya uchaguzi wa 2010. (Miaka baadaye wizara ya uvuvi ilianzisha operesheni ya kukamata nyavu haramu nayo ikaitwa Sangara. Wavuvi wa huku wana Sangara mbili kichwani, moja ya bendera na moja ya moto.) Kilichomvuta Chadema ni vita ya ufisadi. Septemba 2007 pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, Slaa alisoma Orodha ya Aibu, na jina la Lowassa lilikuwamo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la Richmond. Yeye mwenyewe siku zote alikana kuhusika, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani, ila mume wangu alikuwa amehukumu zamani. Gazeti la habari hiyo lilikuwa limetunzwa ndani ya Biblia yetu kubwa, sijui kwa nini humo.

Basi fikiria mtu huyo anaambiwa na chama chake kwamba mgombea wetu wa urais ni yule. Na Septemba mosi Slaa mwenyewe anatangaza kwamba anaachana na siasa za vyama. Mume wangu alizima redio akatoka nje.

Jioni moja mdogo wangu alikuja kwetu na fulana ya Ukawa, uso umenawiri, kaja kumsalimia shemeji yake kama mwanachama mwenzake mpya. Mume wangu alimkaribisha ugali na sato, akamwacha aongee mabadiliko mpaka akachoka. Halafu akasema: "Shemeji, unaniuzia mtu niliyemkataa mimi wakati wewe unamshangilia." Nilicheka mpaka nikatoka jikoni. Mdogo wangu hakucheka.

Na Magufuli alikuja kwa namna ambayo watu wa mume wangu waliweza kumpokea. Hakuzungumza sana habari za CCM. Alisema "serikali ya Magufuli", hata kwenye mikutano ambako sisi viongozi wa chama tumejipanga nyuma yake na kofia zetu. Alipiga pushapu jukwaani. Alikuwa waziri wa ujenzi anayetaja urefu wa barabara kwa kichwa, kilomita na vipande vyake. Alikemea uvivu na wizi serikalini kana kwamba serikali hiyo iliyokuwa ya chama chake mwenyewe haimhusu. Wazee wa kata walilalamika pembeni: huyu mbona hakitaji chama? Mimi nilikuwa naangalia mume wangu anavyosikiliza, nikajua kwa nini hakitaji.

Mume wangu alimpa Magufuli. Mbunge na Diwani aliwapa Chadema. Nilipomwambia kwa utani kwamba sasa nimwandikie kadi, alikasirika kweli: "Mimi sijaipa CCM. Nimempa Magufuli." Nikaanza kusikia sentensi ileile Mwaloni, kwa wabeba mizigo, kwa kinamama wa kuanika dagaa, kwa vijana wa bodaboda pale Furahisha. Na upande wa pili nikasikia pacha wake: "Mimi sijahamia Chadema, nimempa Lowassa." Kila mmoja kavuka, na hakuna aliyekubali kwamba kavuka.

Nchi nzima Magufuli alipata asilimia 58.46 na Lowassa 39.97. Hakuna mgombea urais wa CCM aliyewahi kupata asilimia ndogo kuliko hiyo tangu vyama vingi virudi, na hakuna mpinzani aliyewahi kufika hapo alipofika Lowassa. Majimbo yetu mawili ya jiji yalirudi CCM, Stanslaus Mabula Nyamagana na Angeline Mabula Ilemela. Wengine wa Chadema waliovuka kwa ajili ya Rais, nadhani, walijikuta wamemaliza karatasi zote tatu upande ule. Mume wangu hakuwa miongoni mwao, lakini kalamu ikishazoea upande mmoja wa karatasi huenda yenyewe.

Watu wa Dar es Salaam nikikutana nao kwenye misiba hunijibu kwa urahisi: mama, Wasukuma mlimpa Magufuli, mtoto wenu wa Chato, basi. Hoja hii inanikera kwa sababu ina ukweli kidogo ndani yake na uvivu mwingi. Kama kabila lingetosha, John Cheyo wa Bariadi angekuwa Rais. Kabila letu ndilo kubwa kuliko yote nchini. Cheyo ni Msukuma asiye na shaka, ana chama chake, UDP, ana jina la utani la Mapesa ambalo kila mtoto wa kanda hii alilijua. Alisimama mwaka 1995 akapata karibu asilimia 4 ya kura zote. Alisimama tena 2000, akapata zaidi kidogo ya asilimia 4. Wajomba zangu wa Magu walimpenda, walicheka hotuba zake, wakampa Mkapa wa CCM. Mmoja alimpa Augustino Mrema wa upinzani, kwa sababu Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani aliwahi kuwatisha wezi wa ng'ombe, ndivyo alivyoamini.

Kazi ambayo "mtoto wa kwetu" aliifanya mwaka 2015 nadhani ni nyingine. Iliondoa aibu. Kijana wa Chadema wa Kitangiri, ambaye marafiki zake wote wanasalimiana kwa vidole viwili, hawezi kusimama kijiweni na kusema naipa CCM. Watamzomea mpaka ahame mtaa. Lakini akisema namuunga mkono mtu wa kwetu, mtu wa ng'ambo ya maji hapo, wanacheka, wanamwacha. Kabila lilikuwa udhuru wenye heshima kwa uamuzi uliofanyika kwa sababu nyingine, na sababu hiyo mara nyingi ilikuwa hasira kwa chama chake mwenyewe.

Siku hizi naona vijana wanashangaa kwamba watu wanatenganisha chama na mtu, kana kwamba ni jambo la jana. Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, mwaka 1995 alisema wazi kwamba CCM si mama yake, anaweza kuiacha. Ni yeye aliyeyasema, mwenye chama. Wazee wa shina langu wanakumbuka, na wananikumbusha nikiwabana sana na habari za ada.

Kuna aina ya mvukaji ambaye simwelezi kwa hasira wala kwa kabila, naye ni mama mmoja wa Nansio anayeniletea dagaa kutoka Ukerewe. Tumefanya biashara muda mrefu, ananiita "mayu", yaani mama, ingawa tumelingana umri. Kisiwa chao kilikuwa na mbunge wa Chadema tangu 2010, na mwaka 2015, wakati sisi wa jiji tunarudi CCM, wao walimchagua Joseph Mkundi, Chadema tena. Nilimuuliza anavyopiga kura. Akasema: "Rais nampa atakayeshinda, kisiwa kisisahaulike. Mbunge nampa mwenye mdomo. Diwani nampa anayejua jina langu." Kwa hesabu hiyo kila uchaguzi lazima avuke, hana jinsi.

Hoja yake ya kwanza siipendi. Kumpa kura mtu kwa kuwa atashinda ni kumzawadia ambaye hajafanya kitu. Nilimwambia. Akanionyesha kwa mkono upande wa ziwa: hospitali kubwa iko huku kwenu, Bugando, na sisi katikati tuna maji. Anayepanga kivuko ni nani? Nikanyamaza. Ukiishi kisiwani, Rais si mtu unayemchagua ili akuwakilishe, ni mtu unayemwomba. Pia tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 mshindi wa urais hahitaji kuvuka nusu ya kura, anahitaji kuongoza tu, na hakuna duru ya pili. Zamani mtu angeweza kujiambia nitampa nimpendaye kwanza, wakirudia nitampa wa pili. Sasa nafasi ni moja. Watu wenye akili za biashara, kama huyu mama, hufanya hesabu ya biashara.

Wapo waliovuka kwa hofu. Bibi mmoja wa mtaani kwetu ana mwanawe aliyegombea udiwani kwa Chadema. Alimpa mwanawe kura, Rais akampa wa CCM, kwa sababu aliona kwenye televisheni nchi za watu zinavyoungua na picha hizo hazikumtoka. Sina la kuongeza hapo.

Na kuna kumbukumbu ya nyavu. Mwaka 2018, wakati wa ile Sangara ya pili, waziri mwenye dhamana ya uvuvi alikuwa Luhaga Mpina, mbunge wa Kisesa, Msukuma mwenzetu. Nyavu zilichomwa, faini zikatozwa, mialo ikanuka moshi wa nailoni. Samaki walihitaji kupumzika, hilo hata mdogo wangu alikubali, ila namna ilivyofanyika wavuvi hawakuisamehe. Mwaka 2025 Mpina alitoka CCM akahamia ACT-Wazalendo kuomba urais. Nilidhani vijana wa mwaloni watamkataa kwa kelele. Wengi walikuwa tayari kumpa! Kijana aliyechomewa nyavu aliniambia: "Huyu alinichomea akiwa serikalini. Sasa ana ugomvi na walewale nilio na ugomvi nao." Mtu anaweza kumvukia hata aliyemuumiza, kama amegombana na chama anachokasirikia. Jina la Mpina liliondolewa, halikufika kwenye karatasi, kwa hiyo hatutajua wangefanya nini. Lissu na Chadema nao hawakuwamo. Mwaka ule hapakuwa na mto wa kuvuka, na yaliyotokea siku ya uchaguzi, Oktoba 29, na siku zilizofuata yanahitaji maandishi yake peke yake, na mtu mwenye moyo mgumu kuliko wangu wa kuyaandika. Kuhusu 2020, ambapo Magufuli alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 84, nitasema tu kwamba asilimia kubwa namna hiyo haikunifundisha chochote kuhusu wapigakura wa shina langu.

Kazini kwangu hili limebadilisha kitu kimoja. Zamani, kura za maoni zikiisha, nilikuwa nakimbilia nyumba za Chadema kuwashawishi. Nilirudi na soda tumboni na ahadi za uongo. Sasa naanza na nyumba za walioshindwa ndani ya chama chetu, na siendi na fulana. Nakaa nao wanitukane. Mmoja alinitukana mchana kutwa, mkewe akaona haya akanifungia dagaa, mimi muuza dagaa. Viongozi wa kata wanaona napoteza muda kwa watu ambao tayari ni wetu. Niliwaambia hao ndio ambao si wetu. Sijui kama walinielewa, ajenda ikahamia kwenye bei ya kukodi maturubai.

Wabunge wanapovuka, hali ni tofauti kabisa. Mbunge akiacha chama kilichompeleka bungeni anapoteza kiti, Katiba inasema hivyo, na bado baada ya 2015 wengi walifanya hivyo wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais. Mkundi wa Ukerewe alihamia CCM mwaka 2018. Masha, yuleyule wa Nyamagana, alikwenda Chadema 2015 akaondoka 2017. Wanapovuka wao tunaitiwa mkutano, wanapewa kadi jukwaani, tunapiga vigelegele, na tunadhani wamekuja na watu wao. Nilimuuliza mama wa Nansio kama sasa yeye ni CCM, maana mbunge wake amehama. "Kahama yeye," akasema. "Mimi alinikuta wapi?"

Lowassa mwenyewe alirudi CCM Machi mosi mwaka 2019. Nilipata habari nikiwa mwaloni, nikampigia mdogo wangu nikimwambia jioni aje, nimtafutie kadi mpya, ya zamani aliichana. Hakuja. Alikuja wiki iliyofuata, akala, akaongea na mume wangu habari za bei ya petroli na mashine ya boti iliyoharibika. Wakati wa kuondoka nikamkumbusha, mzee wako si karudi nyumbani? Akavaa viatu polepole, akasema: "Dada, mimi nilitoka kwa sababu walimkata. Yeye kawasamehe, ni haki yake, aliyekatwa ni yeye. Mimi bado."

Mume wangu akamwambia kadi ya Chadema nayo ni bei rahisi tu. Akasema huko hataki pia.